Mama Dobi na Mifupa ya Kiganja

Katika chumba chetu cha bweni pale mjini Iași tulilala wasichana watano, na Smaranda alikuwa akipiga kodiani kutwa. Nilipofeli mtihani wa mifupa, nikabakiwa na nafasi moja tu kabla ya kufukuzwa chuo cha udaktari, nilishuka na kitabu changu hadi chumba cha kufulia. Humo alikuwamo mama dobi wa bweni. Alinisogezea kiti kwa mguu, akarudi kwenye mashuka yake. Alikuwa akichovya vidole kwenye bakuli, akinyunyiza maji, akipiga pasi, na kila shuka alilolikunja alilipapasa mara mbili kama mgongo wa mtoto. Akitaka kukohoa, alitoka nje.

Mwezi wa Juni nilifaulu, lakini ninachokikumbuka zaidi ni alasiri aliyotukuta msimamizi, Bwana Haralambie. “Wanafunzi marufuku humu!” “Basi pasi shika wewe, bwana,” mama alisema bila kuinua macho. “Mimi nisiposomewa na huyu binti, mkono haunyanyuki.” Sikuwahi kumsomea hata neno. Bwana Haralambie akaguna, akasimama mlangoni ahakikishe. “Haya mwanangu, endelea tulipoachia.” Nikasoma mifupa ya kiganja, mmoja baada ya mwingine, mpaka msimamizi akachoka akaenda zake. Nilianza kucheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameiweka pasi kando, akijibonyeza mkono taratibu.

“Huo wa chini ya kidole gumba, hebu rudia jina lake,” alisema. “Miaka yote hii unaniuma, wala sijui unaitwaje.”