Kisanduku Changu Kilimfukuzisha Apio Kazi

Mimi ndiye niliyekosa, nikamwacha mwingine alipe. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma.

Mimi ni Mkenya, fundi wa kompyuta katika ofisi ya mabasi hapa Kisenyi, Kampala. Fundi, ndivyo ninavyojiita. Nilisoma kozi fupi, nikapewa cheti, kichwa kikavimba.

Kazi hiyo alinitafutia Apio. Si jina lake. Alikuwa mkata tiketi wa kaunta ya mbele, binti wa polisi kutoka kaskazini. Nilipofika Kampala simjui mtu, nilipanga chumba jirani na kwao, Nateete, na mama yake akanilisha katogo ya ndizi asubuhi nyingi bila kuniuliza nitajitegemea lini. Apio akanipeleka kwa Hajji, mwenye mabasi. "Huyu anajua mashine," akamwambia. "Mimi nasimama kwa yeye."

Shukrani yangu ilikuwa dharau. Nilimcheka Kiswahili chake. Nilimcheka anavyobonyeza herufi kwa kidole kimoja. Wenzangu wa ofisini niliwaona wote mbumbumbu, na yeye nikamweka wa kwanza.

Siku moja nikaleta kutoka nyumbani kisanduku cha waifai, kikuukuu, ili nipate intaneti nzuri mezani kwangu nitazame mpira. Nikakichomeka kwenye waya wa ofisi. Katika tundu lisilo lake, mimi mwenye cheti.

Nikueleze kosa lenyewe. Kompyuta ikiwashwa huwa haijui inaitwa nani kwenye mtandao. Inauliza: nani anipe anwani, na njia ya kutokea ni ipi? Ofisini kuna kifaa kimoja chenye kazi ya kujibu. Sasa na kisanduku changu kikaanza kujibu. Kompyuta haichagui, inamwamini anayewahi. Iliyodanganywa na changu ilipata anwani ya uongo na kupotezana na seva ya tiketi, mashine kuu inayotunza hesabu ya viti.

Wavivu walioacha mashine zao zikiwaka usiku kucha hawakuona shida, maana anwani zao za zamani zilibaki. Apio alikuwa anazima yake kila jioni, kama mimi mwenyewe nilivyowaagiza. Kwa hiyo kila asubuhi ni yake iliyogoma.

Kwangu huo ukawa ushahidi dhidi yake.

"Mashine inasema haioni seva," aliniambia. "Njoo uangalie, tafadhali. Abiria wananingoja."

"Mashine haina kosa. Kosa liko kwenye kiti," nikamjibu, watu wakacheka. Nilijiona mcheshi kweli.

Akawa anauza kwa kuulizia kaunta ya pili kwa simu viti vilivyobaki. Ikafika siku kiti kimoja cha basi la Arua kikauzwa kwa watu wawili, mmoja wao mama aliyekuwa anawahi mazishi. Alibaki stendi analia. Hajji akaniita, akataka kujua tatizo ni nini.

Sikujua. Kusema sijui ndiko kulikonishinda. Nikamwambia Apio anachomeka flashi za nyimbo, ameingiza virusi. Sikuwahi kumwona na flashi hata siku moja.

Hajji akamfukuza, na Apio aliondoka mchana uleule na mkoba wake. Alinitazama akingoja nimtetee. Nikajifanya nakaza waya.

Wiki ileile nikakirudisha kisanduku nyumbani. Asubuhi kaunta ya mbele ikafunguka bila tatizo. Nikaanza kukishuku kisanduku. Kesho yake nikakileta tena, nikakichomeka, nikaizima na kuiwasha mashine ya kaunta. Ikapotea. Nikakichomoa, nikaiwasha upya, ikarudi.

Hajji akanisifu mbele ya wote kwamba nimeua virusi. Nikapokea sifa. Ndiyo aina ya mtu unayemsoma hapa.

Nilinyamaza miezi, nikipita kwao kumwamkia mama yake na kunywa chai. Kisha akaniomba nimsaidie Apio kutafuta kazi. Nikaenda kwa Hajji nikamwambia yote.

Hajji akacheka. "Sasa unataka nifanye nini, ssebo? Ile nafasi nimempa mpwa wangu. Rudi kazini, na hiyo habari usiizungushe."

Hakunifukuza. Hana mwingine wa kutazama zile mashine.

Jioni nikaenda kwao. Apio alikuwa anapiga rangi viatu vya mitumba anavyouza sasa sokoni Nakivubo. Nikamweleza.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Wiki uliyotoka."

"Na ulikuwa unakuja hapa, unakunywa chai ya mama."

Akaweka kiatu chini.

"Mashine kila mtu anakosea," akasema. "Lakini wewe ulinitazama nikitoka."

Mama yake, ambaye siku zote aliniita mwanangu, akanifungulia mlango. "Haya, ssebo. Kwaheri." Ssebo, yaani bwana, kama mtu asiyenijua.

Nimehama Nateete. Bado nakaa kwenye kile kiti cha fundi, na kila mgeni wa ofisi anaambiwa mimi ni mtaalamu.

Wewe unayeshika mashine za watu, ukiulizwa na hujui, sema hujui. Utaaibika kidogo tu. Na ukigundua kosa ni lako, sema siku hiyohiyo, aliyefukuzwa angali njiani na kiti chake hakijapata mtu. Mimi nilisema ukweli wakati haukuwa na faida kwa yeyote, na hata hivyo nilitegemea kusamehewa.