Boksi la Bendigo

Kila Jumatatu asubuhi Glenys hufungua posta ya mji wao mdogo na kumkuta mama mmoja mfugaji, anayetuma mayai ya kuangulisha kwa posta, amekwishafika, boksi kalikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mikono yake ni minene, ina makovu ya midomo ya kuku, lakini ikishika yai huwa laini ajabu. Hapohapo kauntani hugonganisha mayai mawilimawili karibu na sikio, na lenye mlio wa ufa hulitenga. Kila zima hulivika kipande cha soksi kuukuu, ncha ikitazama chini, kisha hulizungushia maranda. "Lisilazwe, lisitikiswe, lisiachwe juani," humwambia Glenys kila wiki, kama vile hajawahi kumwambia.

Jumatatu iliyopita alikuja macho mekundu. Mbweha alikuwa amemuua jogoo wake, na kuku wa aina yake, ambao ni adimu, hawana jogoo mwingine wilaya nzima. Mayai kumi na mawili ya mwisho yenye mbegu ndiyo yale aliyoyaleta, yanakwenda kwa mzee mmoja wa mji wa mbali wa Bendigo.

"Jamani, si uyaangulishe mwenyewe!" Glenys alimwambia. "Huyo mzee mwambie kachelewa."

"Ameshawasha mashine ya kuangulia, shoga. Ananisubiri."

Akatoka. Baada ya dakika mbili akarudi akihema, na Glenys, kwa furaha, akamsogezea boksi alichukue. Yule mama akafumbua kiganja. "Nimesahau hili la kumi na tatu," alisema. "Huwa naongeza moja, maana safari ni ndefu."