Siku Bunduki ya Kijiji Ilipopiga Sawa

Harufu ya gundi ya tyubu mbili, ile ya kuunganishia vyuma, hunirudisha Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, kwenye chumba cha nyuma ambamo baba alirandia mbao nami nililala. Wengine huwaumiza kichwa tu. Mimi hunifanya nigeuke kutazama kama mlango umefungwa.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, na kwa kuwa baba aliwahi kufunzwa mgambo, alikabidhiwa bunduki ya kijiji awaue nguruwe pori waliofukua mihogo ya shamba la wote. Ilikuwa bunduki kuukuu, mbao yake imenyeshewa miaka mingi. Baba alikosa nguruwe aliyesimama peupe, watu wakimtazama, kisha akamkosa mwingine. Ingekuwa wakati mwingine, wangemcheka tu. Lakini vita na Uganda ilikuwa imeanza, na kila aliyebaki nyumbani alimchungulia jirani yake. Bibi mzaa baba alizaliwa Burundi. Burundi si Uganda, ila siku hizo ng'ambo ilikuwa ng'ambo tu. Kisimani wanawake wakaanza kunyamaza mama alipofika.

Ndipo baba akajifungia na ile bunduki. Alitenganisha chuma na mbao, akaupaka mtutu masizi ya kibatari, akaurudisha mahali pake, akautoa tena. Palipobaki weusi kwenye mbao alipakwangua kwa kipande cha chupa. Aliniambia kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mbao imevimba na inausukuma mtutu pembeni. Mtutu unatakiwa uelee, usiguse kitu. Lakini huku nyuma, unapoanzia, chuma kinatakiwa kikae imara kama jino kwenye ufizi. Huko akajaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Ilipokauka, alipitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikateleza bila kukwama, naye akatabasamu. Tabasamu lile lilinitia shaka. Nani hufurahia bunduki hivyo, mlango umefungwa?

Balozi wa nyumba kumi alikuja na mgambo wawili. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa amesikia kwamba bunduki ya serikali inachongwa. Baba alimweleza habari ya mbao na mtutu, polepole, kama anayemweleza mteja wa mlango. Balozi akamwambia aonyeshe. Wakaegemeza ubao kwenye kichuguu upande wa pili wa shamba, baba akalala kifudifudi, akapiga mara tatu. Tulikimbia kwenda kutazama. Matundu yale ningeyafunika kwa kiganja changu. Nikamgeukia balozi, nikisubiri acheke.

"Kumbe unajua kulenga, Baba Teresia," alisema. "Basi wale nguruwe ulikuwa unawakosa makusudi."

Bunduki ikachukuliwa, akapewa mtu mwingine, aliyewaua nguruwe mmoja baada ya mwingine na kusifiwa mkutanoni. Sisi tukabaki na macho ya watu.

Jioni ya siku ile balozi alipokuja, mama alimwekea baba ndizi na maharage, kisha akamwuliza kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, "Baba Teresia, uliwakosa makusudi?"

Baba alinawa mikono, akaacha chakula, akaja kulala chumba changu juu ya maranda. Alilala humo masika yote. Mimi nilimtazama mama kwa jicho baya, nikiamini kwamba hata yeye alikuwa upande wao.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipomwuliza mama habari ya swali lile. Akichambua maharage, alisema jioni ile mmoja wa wale mgambo alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni. Mama alikiona kivuli chake. Aliuliza kwa sauti ili baba akane, na kukana kule kufike kwa balozi.

"Baba hakujua?"

"Alimwona pia," mama alisema. "Alidhani mimi sikumwona. Alidhani nauliza kweli, ikamuuma kuliko kumwogopa yule mtu. Nilikuja kumweleza mvua zilipokwisha, tukiwa shambani, mahali pasipo ukuta."

Kwa hiyo masika yote wazazi wangu walilala mbalimbali kwa sababu ya mtu ambaye kila mmoja alimwona na hakuna aliyethubutu kumtaja. Nami, niliyekuwa kati yao nikiwapima nani mwongo, sikujua kwamba ndani ya nyumba ile walikuwa wakiogopa kitu kimoja.