Nilitupa kitanda cha harusi cha binti wa watu baharini, na bado sikufukuzwa

Wakuu, amani kwenu nyote mnaopita hapa.

Leo naleta kisa changu mwenyewe, cha siku zile Mdachi bado ana boma lake Chole. Sitatia chumvi. Aibu iliyomo inatosha.

Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, niliyeacha shule ya misheni mapema. Miguu yangu haikai. Nimebeba mizigo ya misafara, nimechoma chokaa, nimekata boriti, na kila mahali nimefukuzwa kwa kosa moja: maswali.

Nikaangukia Mafia, kwenye shamba la minazi upande wa Ndagoni.

Siku ya tatu msimamizi, Mzee Shomari, akaniagiza nisafishe pwani, mwenye shamba anakuja. Maji yalikuwa yametoka. Nikaona matopeni pamezungushiwa vijiti, na mawe yamepangwa juu.

Nikafukua.

Wakuu, harufu ile siwezi kuiandika. Makumbi ya nazi tele, meusi, yameoza. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza mtu. Nikayatupa yote majini, maji yakajaa, yakayachukua. Nikanawa, nikakaa kungojea sifa.

Wakaja wanawake.

Kumbe kule makumbi hufukiwa miezi mingi yalainike, ndipo yapigwe na kusokotwa kamba. Na haya yalikuwa ya kamba ya kuwambia kitanda cha harusi cha Zainabu, binti wa Bi Mwanaidi. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Ya kufukia upya yasingewahi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa.

"Marahaba. Ndiwe uliyetupa kitanda cha mwanangu?"

Mzee Shomari akadakia. "Huyu kesho anaondoka na chombo cha kwanza. Hata kufua nazi hajui. Jana ananiuliza nazi ina macho ya kumtazama nani."

Wanawake wakacheka. Bi Mwanaidi hakucheka.

"Akiondoka, nani atayatafuta? Aliyeyatupa ndiye aliyeona maji yameyapeleka wapi."

"Hafai huyo, Bi Mwanaidi."

"Na kumbi lafaa nini, ukilitazama tu? Niachie."

"Haya. Lakini kamba ikikatika, anaondoka."

Siku tano nilikuwa ndani ya mikoko, matope mapajani, nikigombea makumbi na kaa. Hayakupatikana yote. Wale wale walionicheka wakaongeza ya kwao, huku wakiendelea kunicheka.

Kisha Bi Mwanaidi akanipa gongo, rungu la kupondea makumbi, akanikalisha chini. Nikapiga, nikauliza. Kwa nini maji ya chumvi? Kwa nini usokote kwa kiganja na si kwa vidole? Akajibu yote, mwisho akawaambia wenzake, "Mwenye kuuliza hivi hasokoti ovyo."

Nikainama nisionekane macho. Hakuna aliyewahi kuyaona maswali yangu kuwa ni mali.

Siku ya kuwamba kitanda Mzee Shomari akaja kushuhudia. Somo wa bibi harusi, yule aliyemfunda mambo ya ndoa, mwanamke mwenye mwili wake, akasogea na kuketi katikati, bila huruma. Kitanda kikalia. Nami nikasali, sala yangu ya kwanza tangu nitoroke shule.

Akajirusha kidogo. Akajirusha tena.

"Mgeni huyu msimpeleke popote," akasema. "Changu mimi kimelegea, naamka nimegusa sakafu."

Chombo kikaondoka bila mimi.

Wakuu, misheni walinifundisha neno neema, na mimi nilikuwa nasinzia. Nimekuja kulielewa kwa mama wa Kiislamu, aliyekuwa na kila haki ya kunifukuza. Nadhani Mungu hututazama hivyo. Hakungoja tuwe kamba ndipo atutake. Alitutaka tukiwa bado makumbi, tena yananuka.

Kwa hiyo kabla hujasema "huyu hafai", hebu mpe gongo kwanza, umkalishe karibu, ujibu maswali yake.

Na wewe, nani alikuona unafaa siku uliyoharibu? Semeni, nawasoma. Mwenye kutaka kunicheka naye acheke, nimeshazoea.