Sisimizi Walionitaja

Njoo karibu nikusimulie, ila usicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa sayansi huku Kisauni. Asubuhi ya maonyesho ya sayansi shuleni niliwakataza wanafunzi kuingia ukumbini na chakula chochote. Kisha nikafunga kaimati tatu kwa karatasi, nikazitia mfukoni mwa koti langu jeupe la maabara.

Mradi wa mwanafunzi wangu Mwanaisha ulihusu sisimizi: mmoja akipata chakula, huwaachia wenzake harufu ya kufuata. Akishinda, angekwenda ngazi ya kaunti. Alipofunua sanduku mbele ya jaji, lilikuwa tupu.

"Wametoroka, mwalimu!" Mwanaisha akaniita.

"Tulia, mwanangu." Nikamgeukia jaji, nikamweleza taratibu kama nifanyavyo darasani. "Sisimizi hawapotei, bibi. Tuufuate mstari wao, tutaona chakula kilipo."

Tukaufuata sote watatu. Ulishuka mguu wa meza, ukapita sakafuni, ukapanda kiti, ukaingia mfukoni mwa koti jeupe lililotundikwa pale.

"Koti la nani hili?" jaji akauliza.

"La mwalimu!" Mwanaisha akaruka kwa furaha. "Wallahi, mradi wangu umekubali!"

Msomaji wangu, kaimati zitie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana.