Nilimkalia mkwe wangu masomo ya leseni ya udalali wa nyumba, nikagoma ukurasa wa mwisho

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni. Waliobaki marahaba, najua mlikuwa mnajiandaa kuniamkia.

Haya yametokea humu ndani mwetu, mezani jikoni, na wahusika wote wazima na wanakula vizuri. Majina tu nimebadilisha. Kudanganya watu ninaowaona nimeshindwa, sembuse nyie nisiowaona.

Kwanza mnijue. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne, nimeishia darasa la nne Kilosa. Nakaa Wheaton, Maryland, kwa binti yangu Rehema na mumewe, humu nitamwita Gerald. Kabla magoti hayajagoma nilikuwa natunza wazee. Miaka saba nilimuuguza mama mmoja wa Kimarekani kule Bladensburg, nabadili basi mbili kwenda na mbili kurudi. Kiingereza changu nilikipata kwake. Kusoma nasoma kwa kuokoteza, lakini kwa masikio hakinitoroki.

Gerald ni dalali wa nyumba.

Si yule dalali wa kwetu anayekuonyesha chumba halafu anazima simu. Huku dalali ana leseni, ana suti, na picha yake inatabasamu kwenye vibao vilivyochomekwa kwenye nyasi za watu.

Leseni yenyewe inarenewiwa kila miaka miwili, na ili warenew lazima wasome saa kumi na tano. Sheria mpya, maadili ya kazi, haki ya kila mtu kupata nyumba. Siku hizi yote yako kwenye kompyuta.

Gerald alikuwa na miaka miwili ya kusoma saa kumi na tano. Ilipofika Jumatatu, leseni inakwisha Ijumaa, alikuwa amesoma saa sifuri.

Na bila leseni haonyeshi nyumba, haandiki mkataba, hafanyi chochote. Na ilikuwa Aprili, miti imechanua, ndipo Wamarekani wanaponunua nyumba. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha humu ndani, mimi na hao wajukuu.

Sasa nieleze kidogo jambo la ukwe, maana vijana wa siku hizi mnawaita wakwe zenu kwa majina.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa kazi. Hali nami meza moja. Hakai amekunja nne mbele yangu. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Rehema, Rehema ananiambia, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja. Tulipohamia huku tulilazimika kukaa nyumba moja, lakini adabu nayo ilipanda ndege.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi aliyekuja na laptop ni Rehema.

"Mama, Gerald ana showing za nyumba siku nzima. Hii course inajiendesha yenyewe. Ila kila baada ya muda inauliza kama bado upo. Wewe unaclick tu hapa, Continue. Mwisho wa somo kuna vimaswali, ukikosea inakurudisha unajaribu tena."

"Nami ndiye Gerald?"

"Mama, kila mtu anafanya hivyo. Just click."

Nikafikiri ni kama kumwangalizia mtu chungu kisiungue. Nikakubali. Mniandikie hilo kosa, nitalirudia chini.

Basi nikakaa na kitambaa changu cha kufuma, kompyuta inaongea. Kuna mama mmoja ndani mle ana sauti taratibu, anafundisha vizuri kuliko mwalimu wangu wa darasa la nne, na hana fimbo. Kila baada ya dakika kadhaa kinatokea kidude: Bado upo? Nabonyeza. Bado upo? Nabonyeza. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunijali hivyo.

Nilidhani nitasinzia. Nikajikuta kitambaa kiko magotini, nasikiliza.

Jumanne mchana tukafika somo la haki ya nyumba. Mama yule akaeleza kwamba dalali haruhusiwi kumchagulia mteja mtaa kwa sababu ya rangi yake, dini yake, nchi aliyotoka, au kwa sababu ana watoto. Anamwonyesha nyumba alizoziomba, mteja ndiye anachagua. Akasema wengi wanaovunja sheria hii hawamchukii mtu yeyote. Wanafikiri wanasaidia.

Hapo niliguswa, wakuu, maana sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akitua uwanja wa ndege tu, tumeshampangia. Mwislamu tunampeleka karibu na msikiti, Mkenya kwa Wakenya, Mkongo kwa Wakongo. Tunaita upendo. Nami nimeufanya upendo huo mara nyingi.

Likaja swali: mteja ana watoto wengi, dalali anamwambia mtaa fulani hautamfaa, je ni sawa? Nikabonyeza hapana. Ikaniambia hongera, Gerald.

Nimerudi, nilikuwa naepua maharage.

Sasa, haijapita nusu saa, Gerald mwenyewe akaingia jikoni kuchukua funguo, simu iko kwenye spika. Upande wa pili ni mteja wake Papa Fiston, Mkongo, fundi wa viyoyozi, mtu mpole sana.

"Papa Fiston, ile ya Wheaton achana nayo," Gerald anamwambia. "Una watoto sita, ule mtaa ni wa wazee, watakulalamikia kila siku. Nakutafutia Bladensburg. Wakongo wenzako wapo, kanisa lenu lipo, mtajisikia nyumbani."

"Lakini yaya, bibi yangu anatumikaka hapa Wheaton," Papa Fiston akasema. Yaya kwao ni kaka, bibi ni mke, na kutumika ni kufanya kazi. "Donc, basi, tulipenda ile nyumba, iko karibu na kazi. Tungeiona tu, hata mara moja."

"Niamini mimi, kaka. Utanishukuru."

Halafu Papa Fiston akasema, "Sawa, yaya. Wewe ndiye unajua."

Wakuu, ile "sawa" naijua. Nimeisema miaka saba, kila nilipoomba kazi ya karibu, kisha nikarudi kituo cha basi. Ni sawa ya mtu aliyeomba kitu akapewa ushauri.

Rehema alikuwa anakunja nguo. Nikamgeukia yeye.

"Rehema, muulize mwenzio, huyo mzee ameomba jirani au ameomba nyumba?"

"Mama! Yuko kwenye simu."

"Ndiyo maana nauliza sasa. Akikata, huyo mzee atasikiaje?"

Gerald akakata. Akaangalia friji, akaiambia friji, "Rehema, mweleze mama hii kazi ina mambo yake. Mimi namsaidia yule mzee."

"Mwambie ni hivyo hivyo walivyosema kwenye somo. Kwamba atasema anasaidia."

"Somo gani?"

"Lake," nikasema. "Analolisoma tangu jana. Anafanya vizuri sana, amekosa maswali mawili tu."

Rehema akainamia nguo. Gerald akachukua funguo akatoka. Nikabonyeza Continue, maana kidude kilikuwa kimeshaanza kuniuliza.

Jumatano saa tano asubuhi nikamaliza. Ukurasa wa mwisho ukaja. Pale hakuna sauti, kuna maandishi, nikayaokoteza neno kwa neno. Yalisema: mimi ninayeweka alama hapa ndiye mwenye leseni, na masomo haya nimeyasoma mwenyewe. Chini kuna kisanduku kidogo.

Nikaondoa kidole.

Rehema akaja. "Mama, weka tiki, imeisha."

"Siweki. Mimi siitwi Gerald."

"Mama, umebonyeza bado upo, bado upo, siku mbili nzima, hukuona dhambi. Leo kisanduku kimoja?"

Hapo alinipata. Nikaokota jibu la karibu: "Waliniuliza kama nipo, nilikuwepo. Aliyekosekana ni yeye."

Lilikuwa jibu la ujanja na nililijua wakati linatoka mdomoni.

Rehema akaanza kulia. Kwamba leseni inakwisha keshokutwa, kwamba nyumba tunayokaa nayo inalipiwa, kwamba nimekuja Marekani kuwafunga mikono. Maneno mengine siyaandiki, ni binti yangu. Akampigia mumewe. Gerald akaacha wateja barabarani akaja.

Alisimama mlangoni pale. Alikuwa amechoka, tai imepinda, na mimi nilimwonea huruma, msinione jiwe. Huyu kijana ndiye aliyesema nisiwekwe nyumba ya wazee wakati wanangu wa kuzaa wanajadiliana.

Lakini nilikuwa nafikiria ile sawa ya Papa Fiston. Huyu mkwe wangu ataweka tiki kwamba amesoma, na kesho atampeleka mtu mwingine kwa wenzake, mpaka siku atakutana na mteja anayejua sheria, na leseni iondoke kabisa kwa aibu.

Nikaisogeza laptop mpaka ukingo wa meza upande wake. Kisha nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu amuoe mwanangu. Nilimwangalia usoni nikamsemesha mwenyewe.

"Mwanangu, kompyuta ni yako na kidole ni chako. Weka wewe. Mimi sisemi neno. Nipo hapa tu."

Rehema aliacha kulia.

Gerald aliangalia kile kisanduku muda mrefu. Kisha akafunga laptop, akatoka nje kwenye ngazi, akapiga simu kwa wenye masomo. Nilimsikia anaomba wamfutie yote aanze upya. Nadhani walimuuliza sababu, maana alisema, "I wasn't there." Kisha akarudia tena jina lake na herufi zake. Nadhani hawajawahi kuombwa kitu hicho.

Akaanza saa saba mchana, meza ile ile, mimi nimekaa mbele yake na kufuma kwangu.

Wakuu, kama serikali ya huku inatafuta msimamizi wa mitihani, iajiri mama wakwe. Mkwe hawezi kusinzia mbele yangu. Hawezi kuegama. Hawezi kutoa simu kuangalia mpira. Hawezi hata kupiga miayo, anaimeza, machozi yanamtoka. Kiti kile ni kigumu na alikaa wima kama yuko kwa mchungaji anaposa.

Simu yake ilikuwa inatetemeka kwenye kabati. Mteja mmoja aliyekuwa akimfuata tangu baridi alichoka kusubiri, akahamia kwa dalali mwingine. Gerald alisoma ujumbe ule wakati wa chakula, akaigeuza simu uso chini.

Alhamisi alifika kwenye somo la haki ya nyumba. Mama wa sauti taratibu akasema yale yale, kwamba wengi hawamchukii mtu, wanafikiri wanasaidia. Gerald akasimamisha video.

Nikaendelea kufuma.

Kisha akasema, kwa friji, lakini Rehema alikuwa kazini kwa hiyo hakukuwa na wa kumpelekea, "Papa Fiston hakuniomba ushauri."

Akainuka akampigia. Hakuweka spika. Nilisikia "samahani, mzee wangu," na nikasikia "zote, nitakuonyesha zote mlizozitaja."

Ijumaa kabla ya adhuhuri alimaliza. Kisanduku akaweka tiki mwenyewe. Leseni ikarenewiwa siku ile ile.

Jumamosi akawapeleka akina Fiston kuona nyumba, wazee wote wawili na watoto sita kwenye magari mawili. Nyumba ya Wheaton waliiona, wakakaa karibu saa nzima. Wakaona ya pili hapa hapa. Kisha Mama Fiston mwenyewe akaomba, basi na ile ya Bladensburg tuione.

Wakaichukua ya Bladensburg.

Mama Fiston alizunguka nyuma, akakuta uwanja mkubwa una jua, akasema hapa napanda lengalenga, yaani mchicha, na basi ya kwenda kazini nitapanda.

Gerald akarudi nyumbani, akasimama palepale mlangoni. "Rehema, mwambie mama wamechagua Bladensburg."

"Mwambie nimesikia. Hongera yao."

Akasubiri. Najua alichokuwa anasubiri. Alitaka niseme kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, mtaa ni ule ule, nyumba ni ile ile, tumesumbuana bure na mteja mmoja tumempoteza.

Sikusema. Jumanne Papa Fiston alikuwa anapelekwa Bladensburg. Jumamosi alikwenda. Kama Gerald amesoma saa zile kumi na tano, ataiona tofauti bila mimi. Kama hajaiona, baada ya miaka miwili kiti kipo.

Nilichojifunza mimi. Kumbonyezea mtu ni kumdanganyia, hata kama unafuma kitambaa huku unasikiliza. Nilikuwa naona uongo ni ule wa mwisho wenye maandishi, kumbe nilikuwa nimeshausema kila dakika kumi tangu Jumatatu. Rehema alinipata na nimemwomba radhi. Yeye hajaniomba radhi ya yale mengine, bado namsubiri, sina haraka.

Sasa semeni nyie. Manesi, madereva wa malori, wahasibu, nyote mnaorenew karatasi zenu kila baada ya muda, nani alikaa mbele ya kompyuta yako? Na wanaoona nilimwaibisha mkwe wangu waseme pia, nitasoma yote, taratibu, neno kwa neno. Ila nawaomba muandike wenyewe.