Ng'ombe Waliokanyaga Tuta

Nyumbani walisema sitaweza hata kuchunga mbuzi, kwa sababu niliwahi kuswaga mbuzi wa jirani hadi nyumbani nikawaacha wetu porini. Niliposema nitasomea maji, walishika mbavu. Baba mdogo, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, alisema maji yanachotwa, hayasomewi.

Nikabeba marobota kwenye kinu cha pamba Shinyanga mjini, nikapata nauli, nikaenda ng'ambo, nikarudi na diploma. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu, na waliofuata walifuata njia niliyoifyeka mimi.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilipewa kazi ya kukagua malambo ya mkoa, yale mabwawa yanayokingwa kwa tuta la udongo. Kila lambo nililipa alama mbili, moja ya hali yake na nyingine ya hatari yake. La kijijini kwetu nililiandika hivi: hali nzuri kiasi, hatari kubwa. Wazee wakataka maelezo.

"Wewe mwenyewe umesema halivuji," alisema baba mdogo mkutanoni. "Hiyo hatari umeiona wapi?"

"Chini yake, baba mdogo. Fahali anaweza kuwa mpole, lakini akilala mlangoni kwako utampita kwa uangalifu."

Miaka michache kabla, serikali ilipotuhamishia kwenye kijiji hiki kipya, nyumba zilipangwa bondeni, chini ya tuta la lambo. Ya kwanza ilikuwa ya mama yangu. Tena watu walikuwa wameuziba kwa mawe na miiba mfereji wa pembeni, ule wa kutoa maji lambo likijaa. Kwetu Usukumani, kutazama maji yakienda zake ni kama kutazama ng'ombe wako wakiswagwa na wezi. Nikizibua asubuhi, jioni nakuta mawe makubwa zaidi. Maji yakikosa njia pembeni hupita juu, na tuta la udongo likipitiwa juu halichelewi kukatika. Mama naye hakutaka kuhama. Alishahamishwa mara moja, akasema inamtosha.

Nikaona diploma peke yake haitoshi, nikatumia utundu kwenye mkutano uliofuata.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwenye diploma."

"Chini ya tuta majani ni mabichi. Mvua zikianza, hamishia zizi lako kule, karibu na mama."

Alikohoa. "Kule hapana."

"Lambo si zima?"

"Ni zima. Lakini ng'ombe ni ng'ombe."

Mama alikuwa ameketi mbele na wanawake wenzake. "Kwa hiyo, shemeji," aliuliza taratibu, "mimi ni nini?"

Mkutano ulicheka mpaka baba mdogo mwenyewe akacheka. Jioni ile aliondoa mawe kwa mikono yake, na hakuna aliyeyarudisha.

Bado tuta lilikuwa limelika juu, na katapila la serikali lilikuwa bovu. Nikaazima ng'ombe. Tulimwaga udongo wa mfinyanzi, tukaulowanisha, tukawapitisha ng'ombe huku na huko mpaka ukashikana, kisha tukaongeza tabaka jingine. Mwalimu wangu wa ng'ambo hakuwahi kuliwaza hilo. Kandokando ya mfereji, ambako ng'ombe hawakufika, nilishindilia kwa mchi wa mama. Ukavunjika.

Mvua ilikuja kwa hasira. Lambo likajaa, maji yakageukia kwenye mfereji, yakazunguka mbali na nyumba. Kijiji kizima kilikimbia kutazama. Mama alibaki anafagia uwanja wake, kwa kuwa haukuwa na maji.

Nilipoazima ng'ombe niliahidi kwamba hao ndio watakaokunywa kwanza kwenye birika jipya la kunyweshea mifugo, na siku lilipofunguliwa nilisimama pale na fimbo, nikiwalipa wenyewe mmoja mmoja. Wa baba mdogo walitangulia. Alipita kifua mbele, kama vile diploma ni yake. Waliokataa kuniazima walisubiri juani, na sikuharakisha.

Mdai wa mwisho alikuwa mama. Nilimkabidhi mchi mpya, niliouchonga mwenyewe. Aliupima mkononi, akatwanga nao chini mara moja.

"Mwepesi," alisema. "Maji umeyasomea, mwanangu. Miti bado."

Lakini aliuchukua.